Walipofunika Jungu Kuu

Nchi ya Chechele haimo katika ramani zinazobandikwa madarasani, ingawa wengi wetu tumewahi kufika mpakani mwake bila kujua. Unatoka nyumbani kwenda dukani, mawazo yanakubeba, unashtukia duka umelipita zamani na umesimama mahali usipopajua. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mashavu binti Kirobo alizaliwa ndani zaidi, katika mji uitwao Mvukuto, na habari hii ni ya mwaka aliporudi kwao.

Aliondoka angali msichana, akichukuliwa na shangazi yake kwenda nchi jirani. Huko akaolewa, akalea, akafiwa na mume, akabaki na nyumba yenye taa kila chumba na watoto waliokwisha kusambaa. Watoto hao walikua wakisikia habari za Mvukuto mpaka wakawa wanazimalizia wenyewe. Kwamba ni mji ulio bondeni, na ardhi yake ina matundu yanayopumua na kuvuma usiku na mchana. Kwamba mvuke hutoka humo mchana kutwa, mkali kiasi cha kuivisha muhogo, na kwa hiyo hakuna mwanamke wa Mvukuto aliyewahi kubeba mzigo wa kuni kichwani. Kwamba asubuhi za baridi bonde zima hujaa ukungu mweupe wenye harufu ya chuma kilicholowa, na watoto hucheza kujificha humo, wakiitana kwa majina ya uongo.

Alichopenda kusimulia zaidi ni kikao. Baada ya mavuno watu walikutana kando ya tundu kubwa kuliko yote, waliloliita Jungu Kuu, ili wagawane mvuke wa mwaka: tundu lipi liende kwa wajane, lipi kwa wafinyanzi, lipi lipumzishwe kwa sababu limeanza kuchoka. Kabla mtu hajafungua kinywa, chungu cha maharage kilitelekwa juu ya mvuke, na sharti lilikuwa moja tu: hakuna kuondoka mpaka maharage yaive. Na maharage ya Mvukuto ni magumu. Watu walibishana, wakanuniana, wakachekana, wakatukanana kwa heshima. Baba yake Mashavu aliwahi kuitwa mwizi wa mvuke mbele ya wakwe zake. Kisha maharage yakaiva, uamuzi ukatoka, na aliyeshindwa akala sinia moja na aliyemshinda. Mashavu alikuwa akilala mapajani mwa mama yake huku ubishi ukiendelea juu ya kichwa chake, na hajawahi tena kupata usingizi mtamu kama ule.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa ile harufu, na hakuipata. Mabomba makubwa, ambayo ndama angeweza kupita ndani bila kuinamisha kichwa, yalitoka kwenye kila tundu alilolikumbuka, yakapanda mlima, yakapotelea upande wa Mji wa Taa, makao makuu ya Chechele. Huko, walisema, mvuke hugeuzwa umeme, na hata mabanda ya mbwa yana balbu. Mvukuto yenyewe haikuwa na waya hata mmoja. Watu waliozoea kupikia mvuke sasa walipikia kuni, na kuni zilitoka mbali. Tundu lililosalia lilikuwa Jungu Kuu peke yake.

Dada yake, Somoe, alimpokea mlangoni kwa machozi, akamgeuza huku na huku kama nguo inayokaguliwa sokoni.

"Umekuja wakati mzuri, mdogo wangu," akasema walipokwisha kuketi. "Wizara ya Nishati inakuja wiki hii kutuuliza."

"Kuwauliza nini, dada?"

"Maoni yetu kuhusu mabomba."

Mashavu akachungulia dirishani. Bomba lililopita nyuma ya nyumba lilikwisha kuanza kushika kutu. "Si yameshajengwa?"

"Ndiyo maana wanauliza sasa. Sheria ndivyo inavyotaka."

Sheria ya Kumshirikisha Mwananchi ilikuwa ndiyo fahari ya Chechele, na watoto waliikariri shuleni. Ilitamka kwamba mwananchi asiulizwe maoni juu ya kitu asichokiona, kwa maana huko ni kumbebesha mzigo wa kubuni. Zamani, Wizara ilikuwa ikiwauliza watu mapema, mradi ukiwa bado mchoro. Watu wakasema mengi, michoro ikabadilika, na waziri mmoja alilia hadharani. Tangu siku hiyo miradi hujengwa kwanza, kisha wananchi huulizwa kwa uhuru kamili, kwa sababu maoni yao hayawezi tena kuharibu chochote.

Safari hii mambo ya kuulizwa yalikuwa mawili. La kwanza, mabomba yapakwe rangi gani. La pili, Jungu Kuu nalo lifunikwe, mvuke wake uingie bombani, Ijumaa au Jumamosi.

Mashavu alisimama. "Lifunikwe?"

"Keti, mdogo wangu."

"Dada Somoe, mama alituogesha pale! Wewe na mimi! Kitovu chako kimezikwa hatua chache tu kutoka pale. Nitasimama mbele yao niwaambie hapana. Nitawaambia Mvukuto ilivyokuwa."

Somoe alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane kama mdogo wake, na mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani ya mvuke hadi kwenye viwiko.

"Wewe unaikumbuka Mvukuto," alisema, "mimi ninaishi ndani yake. Unakumbuka ukungu. Humkumbuki mtoto wa Bi Nakivona aliyetumbukia wakati wa kujificha, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Tundu moja haliwezi kulisha mji. Tunapanga foleni pale tangu alfajiri na tunagombana kama kunguru. Mimi nataka taa, Mashavu. Nataka Hidaya apate taa."

Hidaya alikuwa mkunga wa zahanati ya Mvukuto. Somoe akaeleza kwamba wiki iliyopita watu walikutana wenyewe kando ya Jungu Kuu, bila kuisubiri Wizara, wakateleka maharage kama zamani. Ubishi ulikuwa wa kufa mtu. Mzee Ngwali mfinyanzi, ambaye vyungu vyake vilikaushwa na mvuke tangu enzi za babu yake, alikataa katakata tundu kuguswa. Mwishowe uamuzi ukatoka: Jungu Kuu lifunikwe, lakini waya utangulie. Uanzie zahanati, kisha ufike kila nyumba. Waya usipokuja, watalala juu ya tundu.

"Basi waambieni hivyo," akasema Mashavu.

"Kwa kinywa gani? Sisi si wadau."

Hapo Mashavu akajifunza kifungu cha pili cha ile sheria. Wanaotoa maoni juu ya umeme ni wadau wa umeme, na mdau wa umeme ni mtu anayetumia umeme. Kwa kuwa Wavukuto hawakuwa na umeme, haingekuwa haki kuwasumbua na habari zake. Wizara ingeleta wadau kutoka Mji wa Taa ili wawawakilishe. Wavukuto walitakiwa kuhudhuria tu, nje ya kamba, maana sheria inakataza kumwakilisha mtu asiyekuwepo.

Somoe akamtazama mdogo wake. "Nyumbani kwako kuna taa," akasema.

Mashavu alielewa. Miaka yote hiyo alikuwa akitunza hotuba moja kifuani, ya kuitetea Mvukuto siku ikihitajika. Sasa anaombwa asimame pale pale alipolala mapajani mwa mama yake, aseme lifunikwe.

"Dada, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu huna budi kuwa na kazi nyingine zaidi ya kukumbuka," Somoe akajibu, kisha akajuta, akamshika mkono. "Samahani. Sikukusudia iwe chungu hivyo."

Siku ilipofika, turubai lilisimamishwa karibu na Jungu Kuu na kamba nyekundu ikafungwa kulizunguka. Wadau waliketi kivulini: mwenye kiwanda cha barafu, mwenyekiti wa chama cha wauza majokofu, profesa wa vivuli, na mwimbaji mmoja mashuhuri aliyealikwa kwa sababu sauti yake hupendwa na wengi. Mbele yao aliketi Msikilizaji Mkuu wa Wizara, Bwana Lukindo, mtu mnene mwenye uso wa huruma, aliyevaa kifuani masikio mawili ya shaba, nishani yake ya kusikiliza kwa miaka mingi bila kuchoka. Wavukuto walisimama juani, nje ya kamba, wakiwakilishwa.

Mjadala wa rangi ulikuwa wa kiwango cha juu. Mwenye kiwanda cha barafu alipendekeza nyeupe, kwa kuwa nyeupe hudumisha utu. Profesa wa vivuli alitaka bluu ya mbingu, ili mabomba yasionekane na wananchi wa Mvukuto wasihisi kuondokewa na kitu. Mwimbaji akalia kidogo aliposikia hilo, na Bwana Lukindo akaandika kwamba kulikuwa na hisia. Ikaelekea bluu itashinda.

Walipogeukia Ijumaa au Jumamosi, Mashavu akainua mkono nje ya kamba.

"Mama, wewe unawakilishwa," Bwana Lukindo akamwambia kwa upole. "Huna haja ya kujichosha."

"Mimi nina taa, Mheshimiwa. Nyumbani kwangu, nchi jirani. Nina taa kila chumba, na pasi, na friji."

Mwanasheria wa Wizara akanong'ona na Bwana Lukindo. Wakafungua kitabu cha sheria, wakakifunga, wakakifungua tena. Sheria haikusema taa ya mdau iwake nchi gani. Kamba ikainuliwa na Mashavu akapita chini yake, akiwa amekumbatia mkoba wake mbele kama mgeni wa harusi asiyejua pa kuketi. Akapewa kipaza sauti.

Alisimama ukingoni kabisa, mgongo wake ukigusa kamba. Nyuma yake Wavukuto wakasogea. Hidaya mkunga ndiye aliyeanza, akipaza sauti kama Wavukuto wote, na Mashavu akawa anayarudia maneno yake moja baada ya jingine.

"Hidaya anasema: sisi hatukatai mvuke wetu uende kwa wenzetu. Mvuke ni wa Mungu. Tunachosema, mkono unaotoa nao upewe."

"Anasema nani?" akauliza mwanasheria.

"Ninasema mimi mdau. Hidaya ndiye anayesema, mimi ndiye ninayesikika."

Mwanasheria akainua kalamu, akakosa pa kuiweka. Somoe akafuata. Kupitia kinywa cha mdogo wake alieleza waya uanzie wapi na uishie wapi, na kwamba mfuniko wa chuma uliokwisha kuletwa usiguswe mpaka balbu ya zahanati iwake. Wakafuata wengine. Mama mmoja alitaka nguzo isipite juu ya kaburi la mumewe. Kijana mmoja alitaka apate kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo kabla ya wageni. Mashavu akayasema yote, hata ya mtu mwenye kigugumizi, akagugumiza naye pale pale, kwa kuwa hakutaka kupunguza kitu.

Mwisho akasikia nyuma ya sikio lake pumzi nzito ya mzee. Ni Mzee Ngwali.

"Mwanangu, waambie kuna aliyekataa," mzee akasema. "Nilishindwa kikaoni, nami sirudi nyuma. Lakini isije ikaandikwa kwamba Wavukuto wote walifurahi. Waambie Ngwali alikataa, na sababu alikuwa nayo."

Yale ndiyo maneno ya Mashavu mwenyewe, yaliyomtoka mtu mwingine. Akayarudia kwa kipaza sauti, polepole, na watu waliokuwa wamemshinda Mzee Ngwali waliinamisha vichwa kwa heshima.

Bwana Lukindo alikuwa ameacha kuandika. "Na wewe mwenyewe, mdau?" akauliza. "Maoni yako ni yapi?"

Hotuba ilikuwapo kifuani, nzima, na ukungu wake, na mapaja ya mama. Somoe alifumba macho. Mashavu akakisogeza kipaza sauti kinywani.

"Mimi, Mheshimiwa, sikuwepo maharage yalipoiva," akasema. "Nilichokuja kusema nimeshakisema."

Bwana Lukindo akavua miwani. Alionekana mtu aliyetaabika kweli.

"Mama zangu," alisema, "mmeniweka pabaya. Watu huja hapa wakidai yasiyowezekana. Wanataka mabomba yang'olewe, waziri afungwe, dunia irudi nyuma. Nasi huwashukuru, tukaenda zetu. Nyinyi mnataka jambo linalowezekana. Mambo ya namna hiyo hatuna utaratibu nayo."

Mwanasheria akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba kila kikao kina haki ya kukubaliwa oni moja, ili isije ikasemwa kwamba Wizara haisikii. Moja tu. Na oni la kikao hiki lilikuwa limekwisha kupangwa tangu Mji wa Taa, nalo ni rangi ya bluu.

Bwana Lukindo akakaa akiyapapasa masikio yake ya shaba. Kisha akafanya kitu ambacho mwanasheria alikuja kukieleza baadaye kuwa ni kupitiwa: akainuka, akaenda hadi kwenye kamba, akamwuliza Hidaya uso kwa uso, bila mdau katikati.

"Mama, watoto wakizaliwa gizani unamulikaje?"

"Nauma tochi kwa meno, Mheshimiwa," Hidaya akajibu. "Mikono inakuwa na kazi. Ndiyo maana siwezi kumwambia mzazi pole."

Msikilizaji Mkuu akarudi kitini, akaandika mstari mmoja, akaupiga muhuri. Mabomba ya Mvukuto hayakupakwa rangi yoyote, na profesa wa vivuli aliondoka amenuna.

Mashavu hakurudi nchi jirani mwaka ule. Masika yakapita kwanza, kisha nguzo zikaja, zimepinda kama wazee wanaotoka msikitini, zikalizunguka kaburi la yule mume bila kuligusa. Siku balbu ya zahanati ilipowaka, wanawake walipiga vigelegele mchana kweupe, na Hidaya akaiwasha na kuizima, akaiwasha na kuizima, mpaka wakamsihi asije akaiunguza. Taratibu nyumba nazo zikafuata. Somoe alipata taa yake, akaona kwa mara ya kwanza masizi yaliyokuwa juu ya dari yake mwenyewe, akacheka, kisha akachukua ufagio.

Ikabaki ahadi ya upande wao. Jumamosi moja mafundi walikuja na winchi. Mji mzima ukatoka. Mzee Ngwali alivaa kanzu yake ya Idi, akasimama mbele kabisa, na hakuna aliyemwuliza kitu. Wanawake walipika kwa mara ya mwisho, kila mmoja kidogo tu, muhogo mmoja, ndizi moja, ili kila nyumba ipate. Mashavu aliingiza mikono yake kwenye mvuke mpaka viganja vikawa vyekundu, akajipaka usoni, kisha akarudi kusimama kando ya dada yake.

Mfuniko wa chuma ukashuka. Mafundi wakakaza nati. Mvuke ukachirizika pembeni kidogo, ukawa mwembamba, ukaisha.

Gazeti la Wizara liliandika kesho yake kwamba wananchi wa Mvukuto waliupokea mradi kwa kimya cha shukrani. Kimya kilikuwepo, hilo ni kweli. Kilikuwa kimya ambacho bonde lile halijawahi kukijua tangu liumbwe, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa ikivuma mchana na usiku, na hata tundu moja lililobaki lilikuwa linatosha kuujaza mji kwa mvumo wake. Sasa akasikika mbuzi akitafuna. Ukasikika upepo kwenye nyaya.

"TWENDENI NYUMBANI!" mtu mmoja akasema, na watu wote wakashtuka kana kwamba wametukanwa.

"MBONA UNAPIGA KELELE?" mwingine akamjibu, akashtuka naye.

Wakatazamana. Ndipo wakatambua kwamba vizazi na vizazi walikuwa wakipaza sauti kuushinda mvumo ule: katika kubembeleza watoto, katika kuposa, katika kuaga maiti. Hakuna mtu wa Mvukuto aliyewahi kumsikia mwenzake akisema taratibu. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga, akaona haya. Wengine wakaanza kucheka, lakini vicheko navyo vilikuwa vikubwa mno, wakavikatisha.

Somoe akamgeukia mdogo wake. Alifungua kinywa, akakifunga, akajaribu tena, akiipunguza sauti kidogo kidogo kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiona.

"Mashavu," akasema.

Sauti ilikuwa ya chini, ya upande wa pua, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Mashavu alikuwa amekaa na Somoe miezi hiyo yote, na utoto wote kabla ya hapo, asiijue. Lakini aliijua ilikotoka. Ndivyo mama yao alivyokuwa akisema alipoliweka sikio la mtoto karibu kabisa na midomo yake, mahali mvumo usipofika.

"Nimesema vibaya?" Somoe akauliza, taratibu vile vile.

"Hapana, dada," Mashavu akamwambia. "Sema tena."